Kitambaa cha Upepo

Dobi alikuwa bado anasuuza kitambaa cha upepo aliposikia helikopta ya tajiri ikija. Kanuni zilisema rubani akitazame kwanza mlingotini ajue upepo unavyovuma, la sivyo asitue.

"Dada, nani kakutuma ukishushe?" mtunza bustani alifoka.

"Kilikuwa kichafu, kaka. Leo bosi analeta wanawe."

"Kipandishe! Rubani asipokiona atageuza, na sisi kazi ndiyo basi tena."

Dobi akakifunga na kuvuta kamba mbio mbio, maji yakimchuruzika hadi kwapani. Upepo ulimpora kilemba ukakirusha juu ya paa. Lakini kitambaa, kwa uzito wa maji, kilining'inia tu, kikimwambia rubani kuwa kumetulia tuli.

Dobi akaing'ang'ania kamba akishushe tena. Helikopta ilishaanza kushuka, na dirishani mkono mdogo ulikuwa ukipunga.