Uso wa Ambika

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1954, Bhura yule mchonga mawe wa sikio lililokatika, akiwa katika siku ya kumpikia na kumkumbuka marehemu baba yake, aliletewa habari kuwa mkewe Jivi ameopolewa kisimani mwa hekalu, hana uhai. Kisima hakikuwa na ukingo. Miaka mitatu watu waliomba ukingo, miaka mitatu kamati ya hekalu ikasema italikalia hilo.

"Kamati imeniulia mke," ndiyo ikawa salamu ya Bhura kwa kila apitaye.

Lakini angekwenda wapi? Nyumba ya kamati, banda la kamati, hata patasi za kamati. Mwezi haujaisha, wakampa kazi: mungu mama Ambika, wa marumaru, tawi la mwembe mkononi, mtoto mapajani. Akakubali kwa sharti moja. Uso uwe wa Jivi, ili kila asubuhi wamwinamie waliyemzamisha.

"Haiwezekani," alisema mwenyekiti, Sheth Chhaganlal. "Tumwabudu mke wa fundi?"

"Kumuua mliweza."

"Chunga mdomo, mzee. Tena nikuulize, mtu huenda kisimani bila ndoo?"

"Kiulize kisima chako, Sheth."

Mwenyekiti akashika njia, kisha akageuka. "Na simba wake usimsahau."

Nani amsahau? Kisa chake hata watoto wanakijua. Ambika alimpa mtawa chakula kilichopikiwa marehemu wa ukoo, mumewe akamfukuza, naye akajitupa kisimani. Mume akazaliwa tena simba, ambebe mgongoni milele.

Miezi mitano Bhura hakutoka bandani. Mlango haukuwa na komeo. Aliling'oa mwenyewe Jumatano ile, kesho yake baada ya msiba, kama alivyong'oa la nyumbani. Hata hivyo alikaa humo kama mfungwa. Akienda huku, kisima kinamtazama. Akienda huku, mlango wa nyumba yake unamtazama. Akabaki na jiwe.

Siku ya ukaguzi kamati nzima ilikuja. Waliukagua uso wa Ambika kuanzia paji hadi kidevu, wakamtafuta Jivi, wasimwone. Ulikuwa uso mtulivu wa mungu mama, basi.

"Kumbe unasikia ukiambiwa," Sheth akasema, akacheka kwa nafuu. "Nilidhani utatuaibisha."

Bhura akaanza kukusanya patasi.

Binti yake Kanku, aliyekuja kutoka kwa mumewe, hakuuangalia uso. Alichuchumaa chini, kwa simba. Akapitisha kidole kwenye sikio la kushoto la mnyama, akafika mahali ncha ilipokosekana, akarudi, akapitisha tena. Kisha akainua macho kwa baba yake, kwenye sikio lake la kushoto.

"Baba," akauliza polepole, "Jumanne ile, chakula alichopikiwa marehemu babu, mama alimpa nani?"