Hodi Isiyokamilika

Sheria mpya ilikataza nyumba kukumbuka watu. Kila aliyeomba kitu alipaswa kujieleza upya, kana kwamba hajawahi kufika. Mwantumu, mwandishi wa programu, akaunganisha mfumo wa REST, unaolichukulia kila ombi kama jipya, na programu ya Java iliyoendesha nyumba yake. Akaujaribu, ukakubali.

Jioni mama yake akabisha.

"Hodi!"

"Nani?" mlango ukauliza.

"Mimi."

"Ombi halijakamilika."

"Mwantumu! Mlango wako una wazimu? Mimi ndiye niliyekuzaa!"

"Taja jina kamili, mama, na unachotaka," Mwantumu akamwambia kutoka ndani.

"Nitaje jina? Kwako?"

Mwantumu alikagua programu mstari kwa mstari, asione kosa. Wiki zikapita, wakazoea. Hata mumewe alijitambulisha mezani kabla ya kuomba chumvi, na Mwantumu hakujua acheke au alie.

Siku moja umeme ukakatika, mlango ukawa bubu.

"Hodi!"

"Nani?" Mwantumu akauliza mwenyewe.

"Mimi, mwanangu."

Sauti aliijua. Alikuwa na hakika anaijua. Mkono ukashika komeo, na hapo ukabaki, ukingoja jina kamili.