Boliti Iliyobaki

Mara ya tatu mwalimu mstaafu wa hesabu alipomaliza kufunga injini, boliti moja ikabaki tena kwenye sinia.

"Yaani wewe!" aliifokea, kana kwamba ina masikio.

Ilikuwa fupi, nyembamba, kichwa chake kimechongwa mfuo wa bisibisi. Alikwisha kuijaribu kwenye kila tundu la kile kigari kikuukuu cha Kiingereza, cha viti viwili, kilichomlia miaka tisa humo gerejini. Hakuna tundu lililoikubali. Basi lazima imetoka ndani kabisa, na binti yake, aliyemwahidi kumpeleka harusini kwa gari hilo, hawezi kupanda gari lenye baki.

Akasonya, akashika spana, akaanza kufungua upya. Kufikia jioni injini nzima ilikuwa imetandazwa vipande vipande juu ya shuka, na kiuno chake kinawaka moto.

Mkewe akaingia na chai. Akainama juu ya sinia.

"Kumbe iko huku!" Akaiokota, akaifuta kwa pindo la gauni. "Mwalimu, hii ni ya cherehani yangu. Itakuwa ilidondoka siku ile niliyokushonea viti humu. Mwezi mzima mguu wa cherehani nimeufunga kwa waya! Si ungeniuliza?"

Mwalimu aliitazama shuka, kisha mikono yake iliyojaa oili.

"Leo siku gani?"

"Ijumaa. Na bibi harusi anauliza, kesho mnaondoka saa ngapi?"