Kisima cha Mgeni

Bi Riziki alikuwa akipepeta mchele kando ya binti yake, jicho moja kwenye ungo, jicho jingine kwenye kompyuta. Saumu alikuwa ameumaliza ujana wake akitengeneza mchezo wa vita wa kompyuta, halafu akautoa bure, na ruhusa juu yake: yeyote duniani aweza kuufungua na kuleta nyongeza yake.

"Nyumba isiyo na komeo, mwanangu, mwizi haulizi njia," mama hakuchoka kumwonya.

Siku hiyo mtu wasiyemjua alileta nyongeza yake: kisima. Saumu akakiweka katikati ya uwanja akijaribu, kisha akaanzisha vita. Majeshi mawili, jekundu na la buluu, yakaja mbio, vumbi limetanda. Yalipofika kisimani, askari wote wakalaza mikuki chini, wakapanga foleni, wakaanza kunywa maji.

"Sikukwambia mimi?" Bi Riziki akaruka, mchele nusura umwagike. "Keshakuharibia kazi!"

"Amekosea tu, mama. Alitaka wanywe wakulima, akasahau kuwazuia askari." Saumu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ngoja nikifute."

Bi Riziki akainama, pua karibu iguse kioo. Askari mwekundu alikuwa akimpisha wa buluu.

"Hebu subiri kwanza," akasema. "Yule wa nyuma hajapata."

Saumu akaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mama akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akaketi. Foleni ikasogea taratibu, mikuki imelala nyasini.