Ini la Mchinjaji

Shamte, mchinjaji ambaye tumbo lake humtangulia, alimwinamia fahali aliyenenepeshwa zizini, akapitisha kisu. Damu ikamrukia kidevuni. Ini ni haki ya mchinjaji, kwa hiyo alilitoa mwenyewe. Lilikuwa limevimba, la manjano, likimomonyoka mkononi.

"Mafuta," alisema mkewe, Mwanakombo, aliyeshika beseni. "Kama daktari alivyosema kuhusu ini lako. Limevimba, insulini inabisha hodi halisikii, linamwaga sukari tu kwenye damu."

"Nyamaza."

Akachukua shoka, akaliponda ini juu ya gogo mpaka likawa uji. Vipande vikamrukia mkewe usoni. Hakujifuta.

Shamte akasimama akihema, vidole vikigonga polepole chini ya mbavu zake za kulia, lilipo ini lake, kama mtu aliyefungiwa nje.