Kichwa cha Yotham

"Usiringe," Loisi alimwambia mumewe. "Mtu anayeumwa kichwa hatembei kama anakwenda ngomani. Shika ukuta."

"Ukuta uko wapi, Mama Seth? Tuko porini."

"Basi nishike bega."

Yotham akamshika bega. Walikuwa wameondoka nyumbani kabla ya jua kutoka, wamevuka mchanga mkavu wa mto Kinyasungwe, na sasa waliyaona mahema ya kambi ya reli pale Gulwe. Kichwa cha Yotham kilikuwa kimefungwa kitambaa, na hakikuwa kikimuuma hata kidogo.

Kilikuwa kizima kama jiwe la kusagia. Kilianza "kuuma" wakati wa palizi, siku jumbe alipopiga mbiu akitafuta wanaume wa kubeba mataruma ya kulalia reli ya Mjerumani. Tangu hapo, kila mbiu ikilia, Yotham alijilaza chini akaguna, na wenzake wakaenda kubeba bila yeye. Alikuwa mvivu, tena mvivu mwenye furaha, na mkewe alimjua hivyo tangu alipokubali posa yake.

Mwezi uliopita mama yake Yotham alimwonea huruma mwanawe. Akamwita mganga Matonya aje na wembe, amchanje chale pembeni mwa macho, kama anavyochanjwa kila mtu wa huku kichwa kikimzidi. Yotham alipouona wembe alipona papo hapo. Akatorokea upande wa zizi, akashinda porini mchana kutwa. Aliporudi jioni, Matonya alikuwa ameshaondoka na kuku wake wa malipo, na Loisi alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha kichwa, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Yotham alimwambia kimempendeza. Loisi hakukivua tena.

Lakini jumbe naye si mtoto mdogo. Juzi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Yotham, safari hii niletee cheti cha daktari wa reli. Daktari akisema u mzima, utalazwa chini uhesabiwe hamsa ishirini."

Yotham aliijua hesabu hiyo. Ni viboko ishirini na vitano, na jirani yake aliyepigwa wiki iliyopita alikuwa bado analala kifudifudi. Akamwambia mkewe kwamba basi, yamekwisha, ni heri aende akabebe mataruma. Ni Loisi aliyekataa.

"Twende kwa daktari, Baba Seth. Wewe kazi yako kuguna tu. Nitasema mimi."

"Tukishikwa je?"

"Twende," alisema Loisi, kwa haraka ambayo Yotham hakuizoea. Moyo wake ukafurahi. Alijiona mtu anayependwa.

Kwenye lango la kambi askari aliwazuia.

"Daktari ni wa wanaume wa kazi. Mwanamke anafuata nini humu?"

"Namwongoza mume wangu, bwana. Haoni vizuri."

Yotham akajikwaa kwa makusudi, karibu aanguke kweli. Askari akawapisha, kisha akawafuata mpaka mlangoni mwa hema.

Daktari alikuwa Mjerumani mrefu, pua imebabuka kwa jua. Maneno yake yalipita kwa Shaaban, mkalimani, mtu wa Kondoa mwenye kanzu safi na macho makali.

"Anauliza, kinauma wapi?"

"Kushoto, bwana, nyuma ya jicho," Loisi alijibu. "Kilianza wakati wa palizi, kikawa kinakuja na kuondoka. Sasa kipo kila alfajiri, kabla hajainuka. Anatapika hata akiwa hajala kitu. Siku hizi akimtazama mtoto, anaona nusu ya uso. Na akiinama kuchota maji, anasikia kama kinapasuka."

Yotham aliguna kwa nguvu ili kuficha kicheko. Kuchota maji! Kisimani hakukanyaga tangu alipooa. Lakini mwanamke huyu alijua kutunga uongo, maana hata machozi yalikuwa yanamtiririka. Alimpenda sana saa ile.

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini.

"Anasema mmechelewa," Shaaban alieleza. "Kichwa kikiambatana na kutapika na macho kupungua, mtu huja siku hiyohiyo, hangoji tangu palizi mpaka mavuno. Anasema mgonjwa asirudi nyumbani. Alazwe hapa leo, amwangalie mwenyewe."

Moyoni Yotham alikwishaanza kunywa uji wa kambi, amelala juu ya kitanda cha turubai, na mbiu inalia kwa wengine.

Ndipo Shaaban alipomsogelea, akamvua kile kitambaa. Akamgeuza uso huku, akamgeuza kule, akapitisha kidole pembeni mwa macho yake yote mawili. Ngozi ilikuwa laini.

"Bwana Daktari ni mgeni," alisema polepole. "Mimi si mgeni. Kichwa kinauma tangu palizi, na wazee wako hawajakuchanja hata chale moja?"

Yotham akaguna tena. Mlangoni, askari alichomoa kiboko mkandani. Yotham akamtazama mkewe amwokoe.

Loisi alikuwa bado anamtazama daktari.

"Chale zipo," alisema.

Akainua mikono, akafungua kitambaa chake mwenyewe. Pembeni mwa jicho la kushoto zilikuwa tisa.