Chati ya Saba

Mama Shamte, jirani yake Siwema, anaapa kwamba chati zote za sarufi ya Kiingereza pale shuleni kazichora Mwalimu Kibwe mwenyewe. Eti alimwona kwa macho yake, mgongo umempinda. Siwema alimsikia akisimulia bombani, akajitwika ndoo yake, kisha akaipeleka shuleni chati ya saba, aliyoichora yeye kama zile sita za kwanza.

Ilikuwa kiroba cha unga alichokipasua, akakifua, akakipinda kingo kwa cherehani. Chini ya neno "preposition", yaani kihusishi, alichora kuku watatu: mmoja juu ya kitanda, mmoja chini ya kitanda, mmoja katikati ya mitungi miwili.

"Nani amekutuma uchore kuku?" Mwalimu Kibwe aliuliza.

"Hakuna. Karatasi uliyonipa ninakili ilikuwa maneno matupu, Mwalimu. Mtoto atashika nini?"

Watoto walishajazana dirishani. "On! Under! Between!" walipiga kelele, wakionyesha kuku mmoja mmoja kwa kidole.

Mwalimu alicheka. "Binti wewe! Mwaka mzima nawaimbisha hayo hayo." Akafungua kalamu aandike jina lake pale chini kama mwandaaji, maana wakaguzi walikuwa wanakuja kesho.

Siwema akaweka kiganja pale penye nafasi.

"Zile sita zibaki na jina lako, sina neno. Hii niache niandike langu, Mwalimu. Na wakaguzi wakija, uniite niwaombe kazi ya kufundisha chekechea."

Mwalimu Kibwe alisimama na kalamu wazi mkononi, akitazama wino uliokauka kwenye kucha za yule binti.